Mzimu una wenyewe

Kikadi chenyewe hakizidi kiganja changu. Juu unaandika jina la kitabu, chini jina lako la kwanza, na hapo katikati, kwenye mistari minne, ndipo unapotakiwa umshawishi mtu usiyemjua abebe kitabu asichokijua aende nacho nyumbani. Kwa mwandiko wa kawaida yanaingia maneno thelathini. Ukibana, arobaini. Kila mwisho wa Septemba mkuu wa tawi letu la maktaba hutugawia vikadi vitatu vitatu tuvijaze kwa ajili ya meza ya mbele: vitabu vya Halloween, ule usiku wa tarehe 31 Oktoba watoto wa hapa wanapojivika kama mizuka wakaombe pipi, na vya majira.

Huu ni mwaka wa sita nikiwa kazini hapa Cincinnati, jimbo la Ohio, Marekani. Miaka miwili ya kwanza vikadi vyangu nilivirudisha vitupu, nikasingizia kwamba Kiingereza changu cha kuandika bado kizito. Uongo mtupu. Kiingereza ninacho cha kutosha kugombana na kampuni ya simu. Kilichonishinda ni kitu kingine.

Mimi mtu wa Tanga, Ngamiani, kule barabara zinakoitwa kwa namba. Nyumbani kwetu habari za majini na mizimu hazikuwa na msimu. Maji ya moto humwagi uani usiku bila kusema bismillahi, usije ukamuunguza asiyeonekana. Mluzi hupigi giza likishaingia. Na siku shule ilipotupeleka mapango ya Amboni, kaskazini kidogo ya mji, mwongozaji alituonyesha mahali ambapo watu huweka sadaka zao: chupa za marashi, sarafu, vipande vya vitambaa. Akatuhadithia na ile ya Wazungu wawili walioingia na mbwa wao wasionekane tena, mbwa akaja kutokea upande wa Kilimanjaro. Njiani tukirudi tulicheka sana, tukabweka mpaka dereva akakasirika. Lakini mle pangoni hakuna mtoto aliyegusa hata senti moja, na wala mwalimu hakutukataza. Hapakuwa na haja.

Sasa mtu aliyelelewa hivyo unampa kikadi na kalamu ya rangi ya chungwa, unamwambia: haya, chagua mzimu unaoupenda.

Hata jina la majira yenyewe linanisumbua. Kamusi inasema ni vuli. Haya, vuli. Ila vuli ninayoijua mimi ni mvua: Oktoba inakwenda ukingoni, mawingu yanajikusanya baharini, watu wanawahi mbegu za kunde, na usiku bati linaanza kuimba. Vuli ya Ohio inafunga kila kitu badala ya kukifungua. Miti ya maple inawaka wiki mbili, nyekundu na manjano, halafu majani yanaachia karibu yote kwa pamoja, na kazi ya kuyafagia mlangoni pa maktaba inakuwa ya yeyote aliyewahi zamu. Wengine huandika "mapukutiko", na neno hili nalipenda zaidi kwa sababu ukilitamka unayasikia yanavyodondoka. Tarehe 31 Oktoba jua linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu jioni. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, na kesho yake giza linatukuta kaunta saa kumi na moja na nusu, watoto bado wanafanya kazi zao za shule na mama zao wanachungulia dirishani kana kwamba kuna mtu kawaibia mchana.

Nadhani ndiyo maana wenyeji hapa husoma vitabu vya kutisha wakati huu. Giza wanaliona linakuja, basi wanalitangulia kwa mzaha. Mtaani kwangu kuna jirani mwenye kiunzi cha mifupa cha plastiki chenye urefu wa futi 12, kimesimama bustanini tangu mapema Septemba, na mke wake amekivisha kofia ya timu ya mpira. Halafu kuna yale mashamba ya mahindi. Nje ya mji wakulima hukata vijia ndani ya mahindi yaliyokwisha kukauka, watu wanalipa kiingilio waingie wapotee, watafute pa kutokea. Nilimsimulia habari hiyo mama mmoja wa Uvira, kule Kongo, ambaye huja maktaba kila Jumanne kutumia kompyuta. Akaniangalia kwa muda.

"Dada," akasema, "siye tulipoteaka mu mahindi bila kulipa."

Tukacheka wote wawili. Kisha tukanyamaza.

Ndiye mama huyo aliyeniondolea ukaidi wangu wa vikadi. Ilikuwa Oktoba yangu ya tatu. Alikuja na mwanawe, mvulana wa miaka kumi na mitatu hivi, amevaa jaketi la kaka yake, mikono ya jaketi inavuka vidole. "Dada, muko na kitabu ya kuogopesha ya Kiswahili? Mutoto anasema ku masomo wote wanasoma ya mizimu. Nataka anisomee nami nisikie."

Nilitembea naye mpaka rafu ya lugha za kigeni nikijua fika nitakachokikuta. Kiswahili, namba 496.392: kamusi mbili, kitabu cha kujifunzia cha watalii ("Bei gani samaki huyu?"), basi. Upande wa watoto kulikuwa na vitabu vichache vya picha vya lugha mbili, simba na sungura. Kijana alikishika kimoja kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika nguo ya mdogo wake. Nikaona aibu. Si kwa niaba ya maktaba, kwa niaba yangu: nyumbani kwangu, ndani ya sanduku chini ya kitanda, nilikuwa nimekikalia kitabu anachokitaka.

*Mzimu wa Watu wa Kale*, cha Muhammed Said Abdulla. Wasomaji wangu wa rika langu hawahitaji kuelezwa, lakini kuna vijana humu. Mwandishi ni Mzanzibari, mwandishi wa habari kwa kazi. Hadithi hii ilishinda shindano la uandishi wa Kiswahili la mwaka 1957/58 na ikachapwa 1960, na ndiyo iliyomleta duniani Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko mdomoni, ambaye silaha yake kubwa ni kuuliza swali ambalo kila mtu aliliona halina maana. Nilikisoma mara ya kwanza nikiwa kidato cha pili, kwenye maktaba ya mkoa pale Tanga, lile jengo la enzi za Mwingereza lililopewa jina la Mfalme George wa Sita. Nilikaa karibu na dirisha ili upepo wa bahari unipate. Nilikichagua kwa jina tu. Nilitaka mzimu.

Na kitabu kinakuahidi mzimu. Kuna maiti, na maiti imekutwa mahali ambapo mtu mwenye akili zake hapiti ovyo. Halafu anakuja huyu bwana na kiko chake, anaanza kuwauliza watu walio hai walikuwa wapi. Nakumbuka nilivyoudhika. Nilijiona nimetapeliwa. Nilikuwa nusu ya kitabu nilipong'amua kwamba kitisho kimehama, kimetoka porini kimeingia sebuleni, kinakunywa chai na watu.

Kesho yake nilikileta kazini. Sasa, kitabu chako binafsi hukiweki tu kwenye meza ya maktaba. Bila msimbo wa mistari hakiazimiki. Nikajaza fomu ya kukitoa kama zawadi, nikakitia kwenye kisanduku cha kwenda makao makuu, nikakiaga. Wiki tatu kikarudi, kimevishwa jalada la plastiki, kinang'aa kama bwana harusi, na mgongoni kimebandikwa namba 299.6.

Kwa msiozoea namba zetu: 299.6 ni dini za Kiafrika. Mtu fulani huko, asiyejua Kiswahili, aliona kwenye jina neno linalomaanisha mizimu ya mababu, akampeleka Bwana Msa akakae na vitabu vya matambiko. Sikukasirika, nilicheka mpaka machozi. Lakini kukitoa huko kukipeleka kwenye hadithi kulichukua barua pepe nne, na katika ya tatu niliulizwa kama nina hakika kwamba mambo yaliyomo hayakutokea kweli.

Kikadi chake ndicho cha kwanza nilichopata kukijaza. Nilikiandika kwa Kiswahili juu, Kiingereza chini:

"Mtu kauawa penye mzimu. Bwana Msa hachomi ubani, anawasha kiko. Anza Ijumaa usiku. Jumamosi utakuwa unawatazama majirani zako kwa jicho lingine."

Tangu hapo nimekuwa na kipimo changu cha vitabu vya Oktoba, nacho nimekitoa kwa bibi yangu. Bibi alikuwa hakubali kuambiwa "kuna mzimu pale" ikaishia hapo. Angeuliza, "Wa nani?" Mzimu una wenyewe. Una ukoo, una mtu anayepaswa kuupelekea ubani, na kama umekasirika, kuna aliyeukasirisha. Mzuka usio na mwenyewe, unaoruka tu na kupiga watu mayowe, bibi aliuona kama mbwa koko: unaogopa meno yake, lakini hauna hadithi. Vitabu vya namna hiyo ni vingi kwenye meza yetu, na vinaazimwa sana. Rafu ya 133.1, kule kwenye visa vya mizuka "ya kweli", huwa nyeupe kufikia katikati ya mwezi. Sivitilii mguu, ila sitavipotezea kikadi.

Mwenzangu wa zamu ya jioni, jamaa wa Kentucky mwenye ndevu za kufika kifuani, yeye kila mwaka kikadi chake cha kwanza ni *Dracula* ya Bram Stoker, ya 1897. Nimekisoma kwa ajili yake. Ni kitabu kizuri chenye ratiba nyingi mno za treni. Cha pili chake ni *Something Wicked This Way Comes* cha Ray Bradbury, cha 1962, kuhusu wavulana wawili na kundi la maonyesho linaloingia mjini kwao Oktoba. Hiki nacho naelewa kwa nini watu wa kazi yetu wanakipenda: baba wa mmoja wa wavulana anafanya kazi maktaba, na mambo makubwa yanatokea humo humo baina ya rafu, usiku, taa zimezimwa. Ukishawahi kufunga maktaba peke yako, ukasikia kitabu kinaanguka upande wa historia na unajua hakuna mtu, hukiachi.

Kikadi changu cha pili nimempa mtu wa kale kabisa. *The Legend of Sleepy Hollow*, ya Washington Irving, 1820. Wamarekani wote wanaijua na karibu wote hawajaisoma. Wanaijua kwa katuni. Ni fupi, jioni moja tu, na kwa kuwa haki zake zimekwisha siku nyingi unaipata bure kwenye intaneti.

Niliichukua nikitegemea farasi na mayowe. Nikakuta njaa. Ichabod Crane, mwalimu wa kijiji, mrefu mwembamba kama mlingoti, anazunguka nyumba hadi nyumba akila kwa wazazi wa wanafunzi wake. Akipita shamba la tajiri Van Tassel haoni nguruwe, anaona nguruwe aliyekwisha kuokwa. Bata kwake wameshaingia mchuzini. Binti wa tajiri, Ichabod anampenda, ndiyo, lakini mwandishi hakuachi usahau kwamba binti anakuja na ghala. Hii ni hadithi ya mavuno kabla haijawa ya mizimu, na ndiyo maana naiweka upande wa "majira" kwenye ile meza. Sijui Mtanzania aliyesoma shule ya kijijini atakayeshindwa kumtambua mwalimu huyu.

Sasa uliza swali la bibi. Yule mpanda farasi asiye na kichwa, ni mzimu wa nani? Hapo ndipo nilipokaa kitako. Ni askari wa Kijerumani, wa Hesse, mmoja wa wale waliokodiwa na Waingereza kuja kupigana na Wamarekani kwenye vita vya uhuru wao. Kombora la mzinga likamwondoa kichwa. Akazikwa penye kanisa la watu asiowajua, na kila usiku anatoka kwenda uwanja wa vita kukitafuta kichwa chake, mbio, awahi kurudi kaburini kabla hakujakucha. Yaani ni mgeni. Amefia ughaibuni kwa mshahara wa mtu mwingine, na hana hata ndugu mmoja wa kumsomea dua. Watoto wa Marekani wanavaa vazi lake kuombea pipi, na mimi nikiwa kaunta namwona kijana mwenye kofia ya boga mkononi, najikuta namtakia marehemu yule usingizi mwema.

Wajanja wa pale kijijini wanamjua vizuri sana mzimu huo, na mmoja wao, Brom Bones, anamtaka binti yuleyule anayetakwa na mwalimu. Sitawamalizia. Nitasema tu kwamba asubuhi inapatikana kofia ya mwalimu, na kando yake boga lililopasuka. Na kwamba Brom Bones, kila likitajwa boga, hucheka zaidi ya inavyostahili. Bwana Msa angeimaliza kesi hiyo kabla tumbaku haijaisha.

Kikadi cha tatu ndicho kilichotugombanisha, mimi na yule mwenye ndevu wa Kentucky.

Mwaka juzi nilifika kazini asubuhi nikakikuta *Beloved* cha Toni Morrison mezani, katikati ya ndoo ya plastiki yenye sura ya boga na utando wa buibui wa pamba. Nikakiondoa. Nikakirudisha kwenye rafu yake bila kumwambia mtu. Mchana akakirudisha mezani. Jioni nikakiondoa tena. Siku ya pili akanifuata kwenye chumba cha chai.

"Ni kitabu cha mzuka au si kitabu cha mzuka?"

Ni cha mzuka. Hapo hana kosa. Mstari wa kwanza tu nyumba yenyewe ina chuki, na chuki hiyo ni ya mtoto mchanga aliyekufa. Lakini ni nyumba ya hapa. Bluestone Road, namba 124, ukingoni mwa Cincinnati, mwaka 1873. Morrison mwenyewe ni binti wa Ohio, kazaliwa Lorain, na kitabu alikitoa 1987. Alikianzia kwenye tukio la kweli: Januari 1856 mwanamke mtumwa aitwaye Margaret Garner alitoroka Kentucky, jimbo la utumwa ng'ambo ya mto, na familia yake, wakauvuka mto Ohio kwa miguu kwa kuwa maji yalikuwa yameganda. Walipozingirwa upande huu, kabla hawajakamatwa, alimuua binti yake mdogo asirudishwe utumwani.

Mto huo naupita kwa basi. Ukisimama mbele ya kituo cha makumbusho ya watoro wa utumwa, pale ukingoni mjini, Kentucky unaiona ng'ambo, madirisha unayahesabu. Hunikumbusha Pangani mjini na Bweni ng'ambo yake, pale tulipozoea kuvuka kwa pantoni. Na Pangani nimeitaja makusudi, kwa sababu mtu wa Tanga anajua misafara ilikuwa inashukia wapi, na watu walipakiwa wapi majahazini. Hakuna anayetundika utando wa pamba pale.

Nilimweleza hivyo mwenzangu, si kwa ufasaha huu, nilikuwa na sambusa mdomoni. Nikamwambia: huu mzimu una mama. Mama yake yumo kitabuni, anaishi nao nyumba moja, anaujua jina. Huwezi kuuweka pamoja na popo wa mpira. Akanijibu kitu ambacho sikukitegemea. Akasema yeye kwao ni upande ule wa mto, watu wake wameishi huko vizazi na vizazi, na shuleni hakuna aliyewahi kumpa kitabu hiki. Alikikuta mwenyewe, mtu mzima, kwenye meza kama hii, Oktoba moja, akadhani ni cha kumtisha kidogo kabla hajalala. "Ningepewa kwa heshima nisingekisoma," akasema.

Nilimaliza sambusa yangu.

Tulikubaliana hivi, na ndivyo tunavyofanya mpaka leo: Oktoba nzima kitabu hakipo mezani. Asubuhi ya tarehe mosi Novemba, tunapong'oa utando na kuzitia ndoo za maboga stoo, meza ikiwa tupu kabisa, tunakiweka peke yake. Kikadi tumekiandika wawili. Yeye aliandika mistari miwili, mimi miwili, na mistari yangu siiweki hapa kwa sababu kila mwaka naibadilisha. Kwa kawaida hakimalizi siku mbili pale.

Nisiwachoshe na mizimu tu, majira yana na mambo ya jikoni. Swali ninaloulizwa na akina mama zetu kuliko yote mwezi huu si la kitabu cha kutisha, ni la maboga: haya makubwa yanayouzwa kila kona yanapikika? Jibu langu: yale ya kuchonga sura, acha. Yamejaa maji na nyuzi, ukiyatia nazi yanakuwa uji usio na ladha; nimejaribu, nikamwaga sufuria nzima, nikasikia uchungu wa nazi kuliko wa boga. Tafuta madogo, ya ukubwa wa kichwa cha mtoto, wanayaita ya pai. Hayo ni magumu, mekundu ndani, matamu. Kata na ganda lake, chemsha kwa chumvi kidogo, tui zito, iliki, sukari kijiko, acha mpaka tui lishike. Vitabu vya mapishi ya maboga viko 641, na vingi vinakwambia utie mdalasini na karafuu ndani ya keki. Karafuu! Nilikuta kijitini cha karafuu cha duka la karibu kinauzwa bei ambayo mtu wa Pemba akiisikia atauza shamba ahamie.

Mama mwingine, huyu jirani yetu wa Mombasa, alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama watoto wake wanaweza kuja kwenye saa ya hadithi, kwa kuwa yeye Halloween haisherehekei. Nilimwambia ukweli: nami siisherehekei. Saa ya hadithi ya Jumatano ni ya majani na kindi, aje. Na kwa nyumbani nikampendekezea *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, mwananchi mwenzangu wa Tanga. Majini wamo, manyani wamo, na manyani hao ni ndugu wa Adili mwenyewe, waliogeuzwa kwa uovu waliomtendea, naye kila usiku analazimika kuwachapa ilhali roho inamuuma. Kwangu hicho ndicho kitisho hasa, kushika bakora mkononi na unayempiga ni Hasidi, ndugu yako wa tumbo moja. Soma kwa sauti, sura moja kwa usiku, wakubwa wasikilize pia. Nakala sina, aliipata kwa dada yake Nairobi.

Turudi kwa yule kijana wa Uvira, maana najua mnamngoja.

Alikuja kukichukua Oktoba ya mwaka jana, akakaa na Bwana Msa wiki mbili, akaongeza mbili nyingine. Alimsomea mama yake jikoni, na kila penye neno la Kiunguja ambalo hawalijui walilizungushia duara kwa penseli, kwenye kitabu cha maktaba, naam, nami nimejifanya sikuona. Alikirudisha tarehe 31 yenyewe, jioni, giza limeshaingia, nje watoto wanapita na ndoo zao. Alikuwa amejipaka majivu usoni, sijui alikuwa nani. Akakiweka juu ya kaunta kwa kishindo.

"Tantine, umenidanganya. Hakuna mzimu humu!"

"Nani kakwambia upo?"

"Kitabu kimeandikwa mzimu!"

"Na watu waliouamini, walifanywaje?"

Akafikiri. Majivu yalikuwa yanamdondokea kwenye jaketi. Kisha akauliza kama huyo bwana wa kiko ana vitabu vingine.

Anavyo. Kuna *Kisima cha Giningi*, cha 1968, na Giningi, kwa wasiojua, ndio ule mji wa wachawi unaosimuliwa Zanzibar, ambao hakuna aliyerudi kutuonyesha ramani yake. Nilimwambia kijana jina tu, nikaona macho yalivyomtoka. Lakini si tawi letu wala tawi lolote hapa mjini lenye nakala, na kuazima kutoka maktaba ya mbali huchukua muda. Nikampigia mdogo wangu Tanga azunguke kwa wauza vitabu vya mitumba. Alihangaika nacho karibu mwaka mzima. Jumamosi iliyopita kanitumia picha: kipo, jalada limechanika pembeni, kurasa zote zimo, kazihesabu. Anakuja nacho mtu anayesafiri wiki ya pili ya Novemba, kwenye begi, pamoja na kilo mbili za dagaa. Nimeshamwandikia mdogo wangu avifunge mbali mbali.